Mbona Hawacheki? Mwongozo kwa Mwigizaji wa Vichekesho

Umeandika skiti, umepandisha suruali hadi kifuani, umejipaka masizi usoni, umepiga mwereka mbele ya kamera. Wenzako waliokuwa eneo la kurekodi walivunjika mbavu. Skiti imetoka, watu wanaitazama wamenuna, na wa kwanza kutoa maoni anasema unalazimisha. Huyo mtazamaji hakuchukii, wala hana wivu na wewe. Alikuja kumwona mtu mwenye shida fulani, badala yake akamwona mwigizaji anayeomba kuchekewa.

Vichekesho vingi vinavyobuma huharibikia hapo. Mhusika wa kichekesho hajui kwamba anachekesha. Yeye yuko kwenye balaa la kweli na anahangaika kujinasua. Wewe mwigizaji unajua kwamba jambo linachekesha, mwandishi anajua, mtazamaji anajua, lakini mhusika hana habari. Ukimruhusu ajue, umemuua. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa unatokana na jambo hilo moja, kwa hiyo tulianze kwa mazoezi.

Chukua kichekesho kikongwe ambacho kila mtu anakijua. Mwenye nyumba amekuja kudai kodi. Baba amejificha, amemtuma mtoto mlangoni. Mtoto anasema: “Baba amesema nikwambie hayupo.” Ninakipendekeza kwa sababu hakuna atakayekicheka kwa kushtukizwa. Wote tunajua kinakokwenda. Kikichekesha, basi kimechekesha kwa uigizaji.

Kuna namna moja ya kukiigiza ambayo umeiona mara nyingi. Baba anasikia hodi, anatoa macho, magoti yanagongana, anajibamiza ukutani, anajificha nyuma ya stuli ambayo hata paka haimfichi, huku akitupia jicho kamera. Mtoto anatamka mstari wake kwa sauti ya kuimba, mwenyewe tayari anacheka. Mwenye nyumba anarusha mikono juu na kupayuka. Wote watatu wametoka jasho, na hakuna aliyeaminika hata mmoja.

Sasa jaribu hivi. Baba anakula ugali. Hodi inapigwa, anaitambua sauti, anaacha kutafuna. Tonge limejaa mdomoni. Akilimeza atakohoa, na akilitema atachafua meza. Analiacha palepale. Anavua ndala ili zisipige sakafuni, anazibana kwapani. Anamwita mtoto kwa kidole na kumnong’oneza, lakini mdomo umejaa na mtoto haelewi, inabidi arudie. Anakwenda chumbani kwa kunyata. Akifika mlangoni anakumbuka sahani, sahani ya mtu mzima iliyoko mezani ikitoa mvuke. Anarudi kuichukua. Katika kuinama, ndala moja inadondoka, naye hana mkono wa kuiokota.

Mtoto anafungua mlango. Huyu mtoto si mjinga wala hafanyi mzaha. Ni mtoto mtiifu aliyepewa ujumbe, na anaufikisha vilevile alivyopewa, amesimama wima kama anavyosimama darasani. “Baba amesema nikwambie hayupo.” Mwenye nyumba hapigi kelele. Anamtazama mtoto, anaitazama ndala, kisha anauliza kwa upole: “Amesema atarudi saa ngapi?” Mtoto anafikiri kidogo. “Ngoja nikamuulize.”

Angalia kilichobadilika. Katika namna ya pili hakuna tendo hata moja lililoongezwa ili lichekeshe. Tonge, ndala, sahani, vyote vinatokana na hitaji moja la baba: asisikike, asionekane. Na mtoto hachekeshi kwa sababu ana sauti ya ajabu. Anachekesha kwa sababu amefanya kwa uaminifu kabisa kile alichotumwa.

Kwa hiyo kabla hujafikiria sura wala sauti ya mhusika wako, jibu maswali matatu kwa maneno yako mwenyewe. Anataka nini sasa hivi? Nini kinamzuia? Akikosa, atapoteza nini? Swali la tatu ndilo ambalo waigizaji wengi hulipuuza, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Baba wa kodi akifukuzwa, familia italala nje. Lazima uogope hivyo. Kichekesho hupata nguvu kadiri hofu ya mhusika inavyokuwa ya kweli, na mwigizaji anayeona haya kuogopa kwa dhati, akaigiza hofu ya mzaha, anaondoa ule uzito ambao ndio uliokuwa umchekeshe mtazamaji.

Mtazame King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Tazama filamu yake yoyote uliyonayo, kisha badala ya kucheka, kaa umchunguze usoni. Mzee yule anagomba. Anadai haki yake, analalamika, anaona ameonewa, anamtamani binti wa watu na kweli anaamini anampata. Hasira yake ni hasira ya mzee wa mtaani unayemjua, yule ambaye akianza kugomba watoto hukaa mbali. Hakutuomba tucheke. Alikuwa na kesi yake, akaisimamia hadi mwisho, na sisi tukawa hoi.

Charlie Chaplin naye alihangaika na swali hilo hilo la kuaminika katika filamu yake ya City Lights ya mwaka 1931. Msichana kipofu anayeuza maua barabarani alipaswa kudhani kwamba mzururaji mwenye nguo chakavu ni tajiri. Kwa nini adhani hivyo? Chaplin alirudia kupiga tukio hilo mara mamia, na kazi ikasimama kwa muda mrefu, hadi akapata jibu: mlango wa gari. Mzururaji anapita ndani ya gari lililosimama ili avuke barabara, msichana anasikia mlango ukifungwa, anaamini aliyeshuka ana gari. Sauti ya mlango tu, tena katika filamu isiyo na mazungumzo, ambapo mtazamaji anauona mlango bila kuusikia. Mwandishi wa skiti mwenye haraka angesema, “Aah, ni komedi tu, watu hawatauliza.” Watu huuliza. Hawaulizi kwa mdomo, wanauliza kwa kutocheka. Kama mke katika skiti yako hamtambui mumewe kwa sababu tu amevaa miwani, mpe sababu: taa imekatika, ana usingizi, ametoka kulia. Jambo la ajabu linaruhusiwa, ilimradi ndani ya hadithi lina mantiki yake.

Kuhusu kucheka mwenyewe, ushauri wangu ni mkali: usicheke. Buster Keaton, aliyepanda jukwaani na wazazi wake tangu akiwa mtoto mdogo, aligundua mapema kwamba akianguka na kucheka, ukumbi unapoa. Akianguka na kubaki amekaza uso, ukumbi unalipuka. Akaushikilia uso ule katika filamu zake zote kubwa. Sababu si ngumu kuielewa. Ukicheka wewe, umemwambia mtazamaji kwamba hakuna hatari yoyote hapa, na kazi ya kucheka umekwisha kumfanyia. Mhusika anaweza kucheka, bila shaka. Anaweza kumcheka jirani, kucheka kwa aibu, kucheka kinafiki mbele ya bosi. Hicho ni kicheko chake na kina sababu yake. Kicheko cha mwigizaji anayefurahia ustadi wake ndicho cha kukimeza. Kikikubana katikati ya kurekodi, simamisheni, kanywe maji, mrudie. Usikiache kwenye mkanda kwa kudhani kinaonyesha furaha ya kundi.

Tuje kwenye mavazi na lafudhi, maana hapa ndipo nguvu nyingi hupotea. Tumbo la mito, kaptura kubwa, meno yaliyopakwa rangi, mwanamume ndani ya dera. Mtazamaji akikuona mara ya kwanza atatabasamu. Baada ya nusu dakika amezoea, na sasa anataka kujua huyu mtu ni nani. Mchekeshaji Joti wa Tanzania, tangu enzi za kipindi cha Ze Comedy na baadaye Orijino Komedi, amekuwa akigeuka bibi kizee, amekuwa akigeuka mtoto, na kinachombeba ni mwenendo. Yule bibi ana maoni yake na ana mambo ambayo hayataki kabisa. Mvue kilemba na bado utajua ni yeye. Lifanye hili liwe jaribio lako: fanya mazoezi ya mhusika wako ukiwa na nguo zako za kila siku. Kama bila kanzu na fimbo mzee wako hayupo, basi hujapata mzee, umepata kanzu na fimbo.

Lafudhi nayo inadai kazi ile ile. Wengi wetu tunachukua sauti mbili tatu za kabila fulani, tunabadilisha “r” na “l”, tunaita hiyo ni uhusika. Mwigizaji wa Kenya Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mzee Ojwang’, mhusika wake katika kipindi cha Vitimbi aliyependwa Kenya nzima kwa miongo, alizungumza Kiswahili cha Mjaluo, na watazamaji wengi waliamini kabisa kwamba mwigizaji mwenyewe ni Mjaluo. Huwezi kufika hapo kwa kuokota vitamshi viwili. Lazima usikilize mtu halisi: anavuta pumzi wapi, akikasirika anaongeza kasi au anapunguza, anapotafuta neno anaangalia wapi. Kaa kwenye kijiwe, kaa stendi, kaa foleni ya zahanati, sikiliza bila kurekodi mtu kwa siri, kisha nenda nyumbani ukajaribu. Wanaoigiza viongozi wana mzigo mzito zaidi. Vijana wa kundi la vichekesho la Redykyulass la Kenya walipomwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani, kila mtazamaji alikuwa amemsikia Moi kwenye redio na televisheni miaka nenda miaka rudi. Kosa dogo lingesikika papo hapo.

Walimu bora wa sanaa hii hawako kwenye televisheni. Nenda kwenye msiba ambako mila ya utani bado inashikwa, kama inavyoshikwa na makabila mengi ya Tanzania. Mtani anaingia katikati ya vilio. Anatembea kama marehemu alivyotembea, anakohoa kama alivyokohoa, anadai chai ya marehemu iletwe na sukari vijiko vingi kama alivyozoea. Makaburini anaweza kushuka shimoni na kugoma kutoka mpaka alipwe, na hapo hatabasamu. Anadai kama mtu anayedai deni lake halali, wafiwa wanaingiza mikono mifukoni, na wajane waliokuwa wanalia wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mwigizaji yeyote akae karibu amwangalie. Mtani yule amemchunguza marehemu kwa miaka, anampenda, na anaijua mipaka ya ruhusa aliyopewa.

Mipaka hiyo ina uhusiano wa moja kwa moja na kucheka au kutocheka. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba kinachochekesha ni kasoro isiyoleta maumivu. Skiti inayomdhihaki mlemavu wa miguu, mwenye ualbino, mwenye kigugumizi, au mke anayepigwa, inaleta maumivu. Mtazamaji mwenye ndugu wa namna hiyo anaganda, na wa pembeni yake akihisi ameganda, naye anaganda. Mpe mhusika kasoro ya tabia: ubahili, majivuno, uoga, umbea, kujifanya msomi. Hizo zote tunazo, na tunapozicheka kwa mwenzetu tunajificha kidogo sisi wenyewe.

Sababu nyingine kubwa ya vichekesho kubuma haimhusu mchekeshaji mmoja. Inahusu kundi zima, pale ambapo kila aliyemo kwenye tukio anataka kuwa yule anayechekesha. Mume anakunja sura, mke anakunja sura, mgeni anapita na mwendo wa bata, hata mpita njia ana kofia ya ajabu. Hakuna aliyebaki kuwa mtu wa kawaida, kwa hiyo hakuna wa kushangaa, na mtazamaji hana mahali pa kusimama. Kipindi cha Vioja Mahakamani kimedumu Kenya kwa miongo kadhaa kwa sababu mpango wake una dawa ya ugonjwa huu. Mahakama ni mahali pazito. Kuna hakimu, kuna kizimba, kuna utaratibu wa kusema na kunyamaza. Mshtakiwa mwenye maneno ya ovyo anachekesha kwa sababu hakimu yuko pale kwa kazi yake na kesi lazima iendeshwe. Mfanye hakimu naye awe kituko na jengo zima linaanguka.

Kwa hiyo katika kundi lenu teueni mtu wa kukaza uso, na mpeni heshima. Si nafasi ya aliyeshindwa. Inahitaji mtu anayesikiliza kweli, anayeudhika kweli, anayejua kunyamaza sekunde mbili kabla ya kujibu. Nimeona waigizaji waliosumbuka miaka kwenye nafasi ya kituko, walipokaa kwenye nafasi hii wakawa ndio nguzo ya kundi. Kama umejaribu kwa bidii kuwa wa kuchekesha na watu hawacheki, jipime hapa kabla hujaacha sanaa. Na hata wewe uliye kituko, msikilize mwenzako. Wengi wetu mwenzetu akisema, tunasubiri tu amalize ili tutoe mstari wetu. Kamera inaona. Macho ya mtu anayesubiri zamu hayafanani na ya mtu anayesikia habari mbaya.

Sasa ufundi wa muda. Neno linalobeba kichekesho liweke mwisho, kisha funga mdomo. “Baba amesema nikwambie hayupo” inafanya kazi kwa sababu baada ya “hayupo” hakuna kitu. Sema “Hayupo, ndivyo baba alivyosema nikwambie” na kicheko kimekwama njiani, kwa sababu mtazamaji aliyetaka kucheka analazimika kunyamaza asikie maneno yaliyobaki. Kiswahili kinakuruhusu kupanga na kupangua sentensi. Itumie nafasi hiyo unapoandika, si jukwaani. Kabla ya neno lenyewe, kituo kidogo, pumzi moja. Baada yake, usielezee. Usirudie kwa sauti kubwa zaidi. Watu wakicheka, nyamaza ukiwa bado ndani ya uhusika. Kicheko hupanda, hufika kileleni, huanza kushuka. Mstari unaofuata uanze kinaposhuka, kabla ukumbi haujapoa. Anayeongea juu ya kicheko huwafundisha watu wasicheke, maana wanaogopa kupitwa.

Wanaorekodi wana kishawishi kingine: kompyuta. Mtu akianguka, mlio wa springi. Akishangaa, picha inavutwa usoni mara tatu. Mwisho wa mstari, kicheko cha watu wasiokuwepo. Kicheko cha kubandika si kigeni. Mmarekani Charley Douglass alitengeneza mashine yake ya vicheko miaka ya 1950, na televisheni za kwao zikaitegemea kwa miongo. Lakini mashine ile ilibandikwa juu ya kazi za waandishi na waigizaji waliopikwa vizuri. Ikibandikwa juu ya mstari mkavu, inamwonyesha mtazamaji mahali hasa ambapo alipaswa kucheka na hakucheka. Fanya hivi kabla ya kuhariri: ondoa milio yote, itazame skiti ikiwa tupu. Kisha zima na sauti, utazame miili tu. Kama bila sauti bado unaelewa nani anataka nini, una kitu mkononi. Mlio mmoja mahali panapostahili hauna ubaya. Ukijikuta unahitaji kumi, rudi ukarekodi upya.

Na usiwaamini wanaocheka mkiwa mnarekodi. Wanakujua, wamechoka, wana njaa, wanacheka kwa sababu jana ulianguka kweli. Mwonyeshe mtu asiyekujua, mama mboga au kondakta aliye mapumziko, na usikae naye ukimtazama usoni. Mwache na simu, sikiliza ukiwa pembeni.

Kuhusu msemo wako maalumu nitasema kwa kifupi. Ukizaliwa ndani ya tukio na watu wakaupenda, utumie pale tukio linapouhitaji. Ukiuchomeka kila baada ya dakika, hata mashabiki wako wataanza kuusema kabla yako, kisha wataacha kabisa.

Anayesimama peke yake na kipaza sauti ana mtihani wa ziada, kwa sababu hana mwenzake wa kumshika. Naye sharti ni lile lile. Kisa unachosimulia kiwe kinakuuma, kinakutisha au kinakuaibisha hata leo. Usituambie kwamba foleni ya daladala inachekesha. Kasirika na foleni hiyo, kwa undani, kwa majina ya vituo, kwa mtu aliyekukanyaga na bado akakutazama wewe vibaya. Na usiku mmoja utafika ambapo ukumbi utakaa kimya. Usiwaulize mbona hawacheki. Usiwaambie wako nyuma kwa ufahamu. Usieleze kichekesho kilichopita. Punguza kasi, mtafute mtu mmoja anayekusikiliza, msimulie yeye kisa kinachofuata kana kwamba hakuna lililotokea, na kama una dakika kumi na umebakiza tatu, toka mapema kwa adabu.

Ukirudi nyumbani, sikiliza rekodi ya usiku huo, si siku hiyo hiyo kama umeumia, lakini ndani ya wiki. Andika kila mahali walipocheka, walipoguna, walipokohoa na kusogeza viti. Walipokohoa, mara nyingi pana maelezo marefu kabla ya jambo lenyewe, na hapo anza kukata. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, mstari au kituo au sauti, ukapande tena. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kilichosaidia. Kipande kikipita maonyesho kadhaa bila hata mguno, kitoe, hata kama ndicho ulichokipenda kuliko vyote. Nafasi yake usikimbilie kuijaza. Unganisha kilichotangulia na kinachofuata, upande navyo hivyo hivyo, uone kama kuna aliyegundua pengo.